Bata wa Bi Apollonia na Daraja la Gansbach

"Huyu bata alivuka kijito jana asubuhi akiwa na manyoya yake, jirani. Nataka kujua yamekwenda wapi."

Ndivyo alivyoanza Apollonia Dreher, amesimama uani kwa akina Kilgore, sketi imelowa mpaka magotini na bata bukini dume kambana kwapani. Bata mwenyewe alikuwa kimya. Bawa lake la kulia lilikuwa zima kama alivyozaliwa nalo. La kushoto lilikuwa limepukutika kama mti wa tufaha mwezi wa Novemba, na Novemba ndiyo ilikuwa imeingia.

Grizel Kilgore hakuacha kusukasuka maziwa. Alikuwa mwanamke mrefu mwenye mifupa, mikono imejaa madoadoa ya jua, na ulimi wake ulijulikana kingo zote mbili za kijito. Akasema bata huyo aliingia kwenye shamba lake akala kabichi saba, na yeye amemtoza kodi kama serikali inavyotoza.

"Kodi ya manyoya kumi na mawili?"

"Kumi na moja. Moja lilivunjika."

"Ya bawa la kushoto tu? Hukuona la kulia?"

Hapo Grizel alicheka, maana wote wawili walijua jambo hilo. Manyoya ya bawa la kushoto ndiyo yanayopinda vizuri kwenye mkono wa kulia wa mwandishi. Mtu anayetaka kujaza mto hachagui bawa. Anayechagua bawa anataka kalamu, na mwezi ule wa Novemba mwaka 1796 hapakuwa na nyumba Pennsylvania ambayo haikutafuta kalamu.

Siku hizi kura huchapwa, ina picha ya tai juu, mtu anaikata gazetini akitembea. Vijana hawaamini wakiambiwa kwamba zamani sheria ilitaka kila karatasi ya kura iandikwe kwa mkono, na kwamba mwaka ule kila moja ilibeba majina kumi na tano ya wale watakaokwenda kuchagua rais kwa niaba yetu. Majina kumi na tano, mara watu mia moja na kumi wa upande wetu wa kijito. Wanaume walikuwa na mahindi ya kupukuchua na nguruwe wa kuchinja. Nani ataandika? Tuliandika sisi wanawake tuliofunzwa, sisi ambao hatukuruhusiwa hata kulisogelea dirisha la kupitishia kura. Apollonia alikuwa binti wa mwalimu wa shule ya kanisa. Ng'ambo ya pili Grizel alikuwa binti wa karani wa kanisa lao. Kwa hiyo majikoni mwa wanawake hawa wawili ndimo kura za bonde zima zilimopikwa, kila upande chungu chake.

Na vyungu havikufanana. Kwetu ukitaka kujua mtu atampigia nani hukuwa na haja ya kumwuliza, unanusa tu anachopika. Penye kabichi chachu na nyama ya nguruwe iliyokaushwa kwa moshi ni Mjerumani, huyo ni wa mgombea urais mzee wa Massachusetts. Penye uji wa shayiri na viazi na harufu ya wiski ni Mwayalandi, huyo ni wa mpinzani wake, yule mrefu wa Virginia. Huko chini penye ardhi tambarare, chai na sahani za udongo mweupe, ni Waingereza wa dhehebu la Kweka, na hao hupigia Wakweka wenzao hata kama mgombea ni gogo lililovishwa kofia pana. Kila kabila lilijua kwamba makabila mengine mawili ni wajinga. Hilo ndilo jambo pekee tulilokubaliana sote.

Basi Apollonia akasema anataka manyoya yake au bei yake. Grizel akaweka mpini wa kusukia chini, akajifuta mikono. Uso wake ulibadilika.

"Sawa, jirani. Nikulipe manyoya. Na shuka langu la kitani, hilo utalilipa lini?"

Apollonia alimbana bata zaidi kwapani. Akageuka, akashuka mtoni na bata wake, akavuka maji ya baridi bila kukunja sketi.

*

Lazima shuka lielezwe.

Kijito cha Gansbach si mto mkubwa. Wakati wa kiangazi mtoto anavuka akila mkate. Lakini Machi, theluji ikiyeyuka vilimani, kinakuja kikiwa na magogo na mabamba ya barafu na hasira ya mwaka mzima. Na Machi ndipo tulipochagua wasimamizi wawili wa barabara wa kata yetu, na dirisha la kura lilikuwa kwenye kilabu cha pombe karibu na kinu cha Yarnall, Mkweka, ng'ambo. Waayalandi wako ng'ambo. Wakweka wako ng'ambo. Sisi tuko huku. Kwa hiyo kila Machi Wajerumani nusu walibaki nyumbani wakitazama maji, Wakweka walishinda, na wasimamizi wa Kikweka walitengeneza barabara nzuri sana zinazokwenda kwenye kinu cha Wakweka. Daraja? Walisema fedha hazitoshi. Walisema hivyo miaka kumi na moja.

Jost Dreher, mume wa Apollonia, alikuwa fundi wa mapipa, mtu mpole, mnene kidogo, aliyependa kuimba bezi kanisani na kukaa karibu na moto. Hakuwa na shauku ya siasa. Apollonia ndiye aliyekuwa nayo. Machi ya mwaka 1794 binamu wa Apollonia aligombea usimamizi, na asubuhi ya siku ya kura maji yalikuwa juu. Jost alisema labda mwaka huu tuache. Apollonia alimwekea karatasi ya kura ndani ya kofia, akamsukuma mlangoni.

"Kura isipofika, na wewe usifike," alimwambia. Alisema kwa utani. Alikuwa anatabasamu alipolisema.

Robert Kilgore, mume wa Grizel, alikuwa na mtumbwi mpana kwenye kivuko. Jioni ndiye aliyeleta maiti. Jost alikuwa amevingirishwa ndani ya shuka la kitani, jeupe, zito, lenye ukingo wa mistari miwili ya buluu, shuka ambalo mama yake Grizel alilifuma huko Ayalandi kwa ajili ya harusi ya binti yake. Walimzika nalo, maana kulivua kungekuwa fedheha.

Halafu maneno yakaanza, kama kawaida ya maneno. Ikasemwa kwamba mtumbwi ulikuwa ukiwavusha Waayalandi kwanza kwenda kwenye kura, Wajerumani wakaachwa wakingoja, Jost akachoka kungoja akaingia majini na farasi. Nani alisema? Kila mtu alisema alisikia kwa mwenzake. Apollonia hakuuliza. Mtu mwenye jiwe lake moyoni hufurahi kupata la mwingine la kulifunika. Kwa hiyo hakwenda kushukuru, hakurudisha shuka wala thamani yake, na miaka miwili na nusu alipita mbele ya akina Kilgore sokoni akitazama mbele kama farasi aliyewekewa vizibo vya macho. Mpaka alipomfuata bata.

*

Majira yale ya baridi Apollonia alioka mikate kama alivyooka siku zote. Tanuri yake ilikuwa kubwa, ya mawe, nje ya nyumba, na kila Ijumaa wake wa bonde la juu walileta unga wao uliokandwa, akawaokea kwa mkate mmoja kati ya kumi. Ndiyo kusema, alijua idadi ya vinywa vya kila nyumba kuliko mchungaji. Ijumaa moja ya Februari alikuwa anapanga mikate ubaoni, akajikuta anahesabu wanaume badala ya mikate. Wanaume wetu wa kupiga kura, mia moja na kumi. Waayalandi, alijua kwa tetesi, tisini na kitu. Wakweka na jamaa zao, mia na sabini hivi.

Akasimama na mkate wa moto mkononi mpaka ukamchoma.

Viti vya usimamizi ni viwili, na kila karatasi ina majina mawili. Wajerumani huandika Wajerumani wawili, Waayalandi huandika Waayalandi wawili, na Wakweka huwapita wote. Lakini mia na kumi ukijumlisha na tisini ni mia mbili. Mjerumani mmoja na Mwayalandi mmoja, karatasi moja, mikono yote mia mbili. Hesabu ya mtoto wa darasa la kwanza, na hakuna mwanamume hata mmoja aliyekuwa ameifanya, kwa sababu ili uifanye ilibidi kwanza ukubali kuandika jina la mtu wa chungu kingine.

Na jina lenyewe alilijua. Mwayalandi ambaye wenzake wote wangemfuata bila kugombana alikuwa mmoja tu: Robert Kilgore.

Usiku huo hakulala vizuri. Alitaka daraja lile kuliko alivyotaka kuolewa tena, na wachumba walikuwapo wawili. Kila Machi maji yalipopanda aliyasikia akiwa kitandani. Wanawe wawili walikuwa wamefika umri wa kupiga kura, na safari hii wangevuka wao.

Kesho yake alikunja sketi akavuka tena. Safari hii hakuchukua bata.

Grizel alimsikiliza mlangoni bila kumkaribisha. Apollonia alieleza hesabu, akataja jina la Adam Lauffer, mhunzi, kwa upande wa Wajerumani. Grizel akasema Lauffer ni bahili anayewatoza Waayalandi zaidi kwa kiatu cha farasi, na kwamba watu wake afadhali wampigie shetani, ambaye angalau anatoa moto bure.

"Mimi sikukuambia umpende," Apollonia alisema. "Nimekuambia umwandike."

"Na Robert? Utamwandika wewe, kwa mkono huo?"

"Nitamwandika."

Grizel akasema vizuri, lakini yeye anawajua Wajerumani. Wataahidi, kisha jikoni kwao wataandika Wajerumani wawili, na Waayalandi watabaki wameshika mkia wa ng'ombe aliyekwisha kukamuliwa. Apollonia akasema hata yeye alikuwa anafikiri hivyohivyo kuhusu Waayalandi, ila alikuwa na adabu ya kutolisema.

Wakakubaliana hivi: karatasi zote mia mbili zitaandikwa jiko moja, na wao wawili, kila moja majina yote mawili. Zitatiwa kwenye kapu moja na kuchanganywa. Kila mwanamume, awe wa upande gani, atachukua kutoka kapu hilo.

"Jiko la nani?" akauliza Grizel.

"Langu. Lina meza kubwa."

"Basi nitakuja na kalamu," alisema Grizel. "Ninazo kumi na moja."

*

Alikuja Jumanne, na maji tayari yalikuwa yameanza kupanda. Robert alimleta kwa mtumbwi akamngoja mtoni, hakupanda hadi nyumbani. Wale wanawake wawili wakakaa meza moja, mshumaa katikati, kahawa ya nafaka iliyokaangwa, mkate mweusi na siagi ya tufaha. Manyoya ya bata yalipangwa mezani yakiwa yamechongwa vizuri, na bata mwenyewe, ambaye bawa lake lilikuwa limeanza kuota, alipita mlangoni akawatazama, akaondoka.

Ukiandika jina moja mara mia, jina linaacha kuwa mtu. Hivyo ndivyo Apollonia alivyokuwa amejiambia. Lakini Robert Kilgore alikataa kuacha kuwa mtu. Kila alipoandika herufi zile alimwona amesimama kizingitini kwake, anatiririka maji, ameshika ncha mbili za shuka. Alipofika ya arobaini hivi aliweka kalamu chini.

"Niambie jambo moja," alisema. "Alingojeshwa?"

Grizel hakujifanya hakuelewa. Alimaliza jina alilokuwa akiandika, akalipulizia likauke.

"Walimwambia angoje. Robert alimwambia, kaa hapa kwenye moto, barafu ipite kwanza, tutakuvusha giza likiingia. Hakuna aliyevushwa saa ile, si Mjerumani si Mwayalandi. Yeye akasema dirisha linafungwa machweo. Akasema mke wake amemwambia kura isipofika naye asifike. Alilisema kwa kicheko. Wote walicheka."

Apollonia alikuwa ameshika ukingo wa meza.

"Ndiyo maana sikukuambia," alisema Grizel, kwa sauti ya chini kuliko aliyozoea. "Nilikuona siku ya maziko. Nikasema, acha anichukie mimi, atapumua."

Kisha akasema na mengine, kwa kuwa alikuwa ameanza. Walipomtoa Jost majini, kofia ilikuwa bado imefungwa kwa kamba kidevuni, na karatasi ya kura ndani ya kofia imelowa nusu tu. Robert aliichukua. Yeye ambaye siku ile alikuwa na Waayalandi wake wawili wa kupigia, alipanda farasi akakimbia nayo hadi kwa Yarnall, akafika kabla hawajafunga, akaipitisha dirishani, akawaambia ni ya Jost Dreher. Wakamwuliza Dreher yuko wapi. Akawaambia. Wakamrudishia karatasi, wakasema maiti hapigi kura.

"Akawajibu nini?"

"Akawajibu, alikuwa hai alipoianza safari."

Apollonia hakulia mbele za watu, si siku ile wala nyingine. Alinyanyuka akatia kuni motoni, na kuni hazikuhitajika. Alipokaa tena alivuta karatasi mpya, akaandika jina la Robert Kilgore juu, la Lauffer chini, na tangu hapo zote alizoandika ziliandikwa hivyo.

*

Kuwasomea wanaume ndiyo ilikuwa kazi. Desturi ya kwetu, mwanamume hakuchukua karatasi ya kura kabla haijasomwa kwa sauti jikoni, maana wengi hawakuweza kusoma maandishi ya Kiingereza na hawakutaka ijulikane. Wangeweza kufichwa. Mwanamke mwingine angewakunjia tu kura akawapa pamoja na mkate. Apollonia alikataa. Alisema daraja lililojengwa kwa uongo litapitisha uongo tu.

Kwa hiyo alisoma, na walipolisikia jina la Kilgore, jiko likavuma kama mzinga uliopigwa teke. Mzee Lorenz Hummel, jirani yake wa karibu, ambaye hakuwahi kuwa upande wa mtu yeyote bila kulalamika, alisema hajaishi miaka sitini ili ampigie mla viazi. Wengine walimwuliza Apollonia kama amesahau nani alimwua mume wake.

"Mimi," aliwajibu. "Nilimtuma mimi. Mwayalandi alimwambia angoje. Sasa chukua karatasi, Lorenz, au Ijumaa uoke mkate wako juani."

Walichukua. Hakuna aliyetaka kuona kama anatania, na mke wa Lorenz alikuwa amesimama nyuma yake na bonge la unga.

Siku ya kura maji yalikuwa ya rangi ya kahawa na yakivuma. Robert Kilgore alifunga kamba nene kutoka mti hadi mti, akavusha Wajerumani wanane wanane tangu alfajiri, na Waayalandi wakasimama ukingoni wakingoja zamu zao za kusindikiza, wakipiga makelele: shikeni kofia, jamani, kabichi inaelea. Adam Lauffer, mtu anayepinda chuma kama utambi, alivuka amefumba macho huku amemkumbatia Robert kiunoni, na hilo walimkumbusha mpaka alipokufa. Wana wawili wa Apollonia walivuka katika safari ya tatu. Mama yao alisimama upande huu hadi alipowaona wamekanyaga nchi kavu, ndipo akarudi kwenye tanuri yake. Mkate wa siku ile uliungua wote chini.

Nimesikia uchaguzi mwingi tangu wakati huo, wenye ngoma na bendera na maandamano. Hakuna uliokuwa na harufu kama ule, sufu iliyolowa na mkate ulioungua, na wanaume wa lugha mbili wanaokunywa kutoka chupa moja mbele ya kilabu wakiogopa kutazamana usoni.

Kura zilihesabiwa jioni. Karatasi za kapu zilifika mia moja tisini na sita. Adam Lauffer, mia moja tisini na sita. Mkweka aliyeongoza, mia moja sabini na nne. Robert Kilgore, mia moja themanini na tatu.

Ni ushindi. Wote wawili waliingia. Lakini kila mtu aliyejua kutoa alitoa, na ilibaki kumi na tatu. Karatasi kumi na tatu zilikuwa zimechorwa mstari juu ya jina la Kilgore, kwa mkaa. Hakuna hata moja iliyochorwa juu ya jina la Lauffer. Mwezi mzima tulikuwa tumeogopa Waayalandi watudanganye, na Waayalandi, hata wale waliosema wangempigia shetani, walimpigia mhunzi wetu mpaka mtu wa mwisho.

Apollonia alitumiwa habari na mwanawe, akaketi. Kisha alikwenda kwa Lorenz Hummel, hakubisha hodi, akamkuta anakula. Alimwambia aonyeshe vidole. Lorenz akavificha chini ya meza kama mtoto. Tangu Ijumaa ile mpaka Pasaka, nyumba ya Hummel ilikula mkate uliookwa kwenye chungu, na mke wake akahakikisha kila kipande anakiona.

*

Daraja lilijengwa msimu ule wa kiangazi. Nguzo za mawe mbili, magogo ya mwaloni, mbao juu, kingo za kushikia. Waayalandi walipasua mbao, Wajerumani walipanga mawe, na walitukanana kila siku kwa furaha, kila upande ukisema kazi ya mwenzake ndiyo itakayobomoka kwanza. Wakweka, haki yao isemwe, walileta misumari. Miaka ya baadaye makabila yaliendelea kupiga kura kwa pua kama zamani, Mjerumani kwa Mjerumani, na mwaka serikali ilipotoza nyumba kodi kwa idadi ya madirisha tulibadilisha upande sote kwa pamoja kama kundi la ndege. Karatasi ya majina mawili ilirudiwa mara chache tu. Lakini kila mtu aliyevuka alijua ilikuwa imewezekana.

Apollonia hakuvuka siku ya kufungua. Alisema ana kazi. Kazi yenyewe ilikuwa kitani. Alikuwa amepanda mmea wake kipande kidogo nyuma ya tanuri, akaking'oa Julai, akakilowesha, akakiponda, akakichana, na majira yote ya baridi alikisokota. Alikuwa mwokaji hodari, mwandishi hodari, na msokotaji wa wastani. Uzi wake ulikuwa na mafundo. Mara mbili alifumua alichokwisha kufuma. Mistari ya buluu ukingoni aliitia kwa kukumbuka tu, maana alikuwa ameiona siku moja, na siku ile hakuwa anatazama vizuri.

Ilikuwa Machi tena, mwaka 1798, alipolikunja shuka, akalitia chini ya kwapa lilelile lililombana bata, na kuvuka daraja kwa miguu mikavu. Maji chini yalikuwa yanapiga magogo. Alisimama katikati kidogo, halafu akaendelea.

Grizel alikuwa uani. Apollonia alimpa shuka bila hotuba. Alichosema ni kwamba kuna zile kura kumi na tatu pia, na hizo hajui namna ya kuzifuma.

Grizel alilikunjua shuka juu ya ua wa mbao, akalivuta huku na huku, akapitisha kidole kwenye mafundo, akatazama mistari ya buluu. Mmoja ulikuwa umepinda. Kisha akalipima kwa mkono wake, kiwiko hadi ncha ya kidole, mara moja, mara mbili, hadi mwisho, kama mwanamke anayenunua sokoni kwa mtu asiyemwamini.

"Limepungua kiganja kimoja," alisema. "La mama yangu lilikuwa refu zaidi."

Apollonia akasema basi atafuma kipande cha kuongezea.

"Usijisumbue." Grizel alianza kulikunja, polepole, pembe kwa pembe, akampa Apollonia upande mmoja amshikie. "Hicho kiganja ni bei ya manyoya ya bata. Ingia ndani, uji umeiva."